Humusi ya Nyumbani Huanzia Kwenye Sufuria

Ulaini wa humusi hutoka kwenye sufuria, si kwenye blenda. Natanguliza neno hili kwa sababu wengi wanaojaribu kuipika nyumbani huishia na kitu kizito chenye chengachenga, kinachokwama kooni. Hapo huilaumu mashine, huongeza mafuta, huongeza maji, na mwisho hurudi dukani kununua kikopo cha plastiki. Mashine haina kosa. Dengu hazikuiva. Pengine ziliiva kwa kiwango cha mchuzi, ambapo punje inatafunika vizuri lakini bado imeshika umbo lake. Humusi inataka punje iliyovuka hapo, ile inayosagika kati ya vidole viwili bila kubakiza kiini kigumu. Ukilishika hilo, mengine yote katika mwongozo huu ni mepesi.

Vitu vyenyewe ni vitano: dengu, ufuta uliosagwa ambao ndio tahini, ndimu au limau, kitunguu saumu na chumvi. Mafuta ya zeituni humwagwa juu wakati wa kula, hayasagwi ndani. Soma maandishi ya nyuma ya kikopo cha dukani na mara nyingi utakuta mafuta ya alizeti au ya soya yamechukua sehemu ya tahini, kwa kuwa tahini ni ghali, na asidi ya sitriki imechukua nafasi ya ndimu. Huenda ukakuta pia dawa ya kuzuia ukungu. Hivyo si sumu, na sheria za chakula zinaviruhusu kwa viwango maalumu. Lakini ladha yote ya humusi imo katika tahini na ndimu, na ukivipunguza hivyo viwili unabaki na dengu za kusaga tu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuipika mwenyewe.

Chakula hiki ni cha nchi za Sham: Syria, Lebanon, Palestina na Jordan, na Israel nako huliwa kila siku. Dengu zilizopondwa na kutiwa tahini zinatajwa katika kitabu cha mapishi cha karne ya 13 kinachonasibishwa na Ibn al-Adim, mwanahistoria wa Aleppo. Watu wa huko wanaipenda kiasi cha kugombania. Mwaka 2010 wapishi wa Lebanon walitengeneza sahani moja ya kilo 10,452 ili kuivunja rekodi iliyowekwa Israel mapema mwaka huohuo, na hesabu hiyo waliichagua makusudi, kwa kuwa nchi yao ina kilomita za mraba 10,452. Afrika Mashariki, watu wengi wameijua kupitia Ghuba: ndugu waliokwenda kufanya kazi katika majumba na mahoteli ya Muscat, Dubai na Doha, na familia za Wazanzibari walioko Oman ambazo mezani kwao bakuli la humusi hukaa jirani na sambusa na kachori.

Hata hivyo hakuna sababu ya kuiona kuwa chakula cha mbali. Dengu hulimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Hupandwa mvua zinapokaribia kukatika na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Sehemu kubwa husafirishwa India. Ufuta wa Lindi na Mtwara nao hupakiwa melini, mwingi ukielekea China, na kinachobaki tunakitengenezea kashata au kukinyunyiza juu ya mkate. Viungo viwili vikuu vya humusi vinatoka katika mashamba yetu, na ndimu ipo kila genge.

Sokoni

Anza na dengu. Tanzania neno hili linatosha, lakini Kenya linaweza kukupeleka kwingine, maana muuzaji wa Nairobi akisikia dengu au ndengu atakupimia zile punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko. Huko uliza kabuli chana, hasa katika maduka ya vyakula vya Kihindi, na utaeleweka mara moja. Dengu zenyewe ni za aina mbili. Kuna kabuli, ambazo ni kubwa, nyeupe kama maziwa, zenye ganda jembamba. Hizi ndizo za Sham na ndizo rahisi zaidi kwa kazi hii. Kisha kuna zile ndogo za kahawia, zenye ncha na ganda nene, ambazo ndizo nyingi katika mashamba yetu. Ladha yake ni nzuri, pengine nzito kuliko ya kabuli, ila ganda lake halisagiki vizuri hata ukilipika kutwa.

Njia ya kulikwepa ganda hilo ipo, nami naipendekeza kwa moyo wote kwa aliye mbali na maduka makubwa. Nunua dengu zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za manjano za kupikia mchuzi. Loweka saa nne, pika kama saa moja, na utapata humusi laini sana, yenye rangi ya manjano na utamu wa mbali. Hazihitaji kuchambuliwa maganda na zinakula mkaa kidogo. Kwa nyumba nyingi za kwetu hii ndiyo njia bora kuliko kusaka kabuli za bei.

Umri wa dengu una uzito kuliko aina yake. Dengu zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hukakamaa kwa ndani, na huenda zisilainike hata uzipike kwa presha. Tazama rangi: iliyofifia na kuingia vumbi ni dalili mbaya. Tazama matundu ya wadudu. Kisha uliza bila haya, “Mama, hizi ni za msimu huu?” Muuzaji anayekujua atakuambia ukweli, na asiyekujua utamjua baada ya sufuria ya kwanza. Ukiwa na dengu za kopo, si aibu. Zimwage kwenye chungio, zioshe maji ya chumvi yaondoke, kisha zichemshe tena dakika 15 hadi 20 na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti, maana za kopo nazo hupikwa zibaki nzima, si zivurugike.

Kwa ufuta, chagua mweupe, na ukipata uliokobolewa, bora zaidi. Ufuta wenye ganda hutoa tahini ya rangi ya udongo yenye uchungu kidogo. Unaliwa, wengine wanaupenda, lakini si ladha unayoijua kutoka mkahawani. Ndimu zetu ndogo za kijani ni kali kuliko malimau, kwa hiyo anza na juisi kidogo na uonje.

Kuloweka na kupika

Pima gramu 250 za dengu kavu, sawa na kikombe kimoja na robo cha kupimia. Zipepete, toa mawe, osha. Ziweke katika bakuli kubwa na maji mara tatu ya ujazo wake, kwa kuwa zitanywa maji na kuvimba zaidi ya mara mbili. Tia kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki. Usiikosee na beking pauda, ambayo ina asidi ndani yake na haitafanya kazi hii. Acha saa 8 hadi 12. Kwa aliye Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakati wa joto kali, saa 12 juu ya meza ni nyingi: maji hutoa povu, hunuka uchachu, na dengu zinakuwa zimeanza kuchachuka. Ziweke kwenye friji, au loweka usiku na ubadilishe maji alfajiri.

Bikaboneti inafanya nini? Kuta za punje na ganda lake zimeshikamana kwa gundi ya asili iitwayo pektini. Maji yenye asili ya magadi huiyeyusha gundi hiyo, na maji yenye asidi huiimarisha. Ndiyo maana maharage yaliyotiwa nyanya mapema hayaivi, na ndiyo maana ndimu haikaribishwi kwenye sufuria ya dengu hata kidogo. Maji ya kisima yenye chokaa nayo hukawiza, kwa hiyo kwa wenye maji hayo bikaboneti haina mbadala rahisi. Wako watakaouliza juu ya magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage na mlenda. Yanalainisha, tena kwa nguvu zaidi. Lakini huja na mchanga, yakizidi yanaacha ladha ya sabuni, na magadi ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania yanajulikana kuwa na floraidi nyingi, ileile inayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Bikaboneti ya dukani ni rahisi na ni safi. Tumia hiyo.

Asubuhi mwaga maji ya kulowekea na uzioshe dengu. Kuyamwaga kunapunguza zile sukari zinazoleta gesi tumboni, jambo linalowasumbua wengi wasiozoea kunde. Kisha fanya hivi, ambavyo mpishi wa Kipalestina Sami Tamimi na mwenzake Yotam Ottolenghi wa Israel wanavieleza katika kitabu chao Jerusalem cha mwaka 2012: weka dengu zilizochujwa kwenye sufuria juu ya moto, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha bikaboneti, na ukoroge kama dakika tatu bila maji. Utaona maganda yanaanza kuchubuka. Hapo mimina lita moja na nusu ya maji na uache ichemke.

Povu litapanda, na pamoja nalo maganda. Yaopoe kwa mwiko wenye matundu kadiri yanavyoelea, bila kuhangaika kuyamaliza yote. Punguza moto. Dengu za msimu mpya zinaweza kuwa tayari kwa dakika 30 au 40, na za kawaida huchukua saa moja. Zilizokaa sana hufika saa mbili. Kwenye jiko la presha, dakika 20 hadi 30 tangu mvuke uanze kufoka zinatosha, na kwa anayepikia mkaa au gesi ya mtungi tofauti hiyo inaonekana mfukoni mwisho wa mwezi. Chumvi itie mwishoni, wakati zimeshalainika.

Usitegemee saa. Toa punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, zipoze, zibonyeze. Zote tano zisambaratike. Hata moja ikigoma, rudisha mfuniko. Hapa ndipo subira inapolipa, na dakika 15 za ziada hazijawahi kuiharibu humusi, ilhali dakika 15 pungufu huiharibu kila mara. Zikiwa tayari, weka pembeni kikombe kimoja cha maji ya kupikia na konzi moja ya punje nzima za kupambia. Nyingine zichuje.

Tahini

Ya dukani huja kwenye chupa au kopo, na mafuta yake huelea juu huku kitope kikizama. Ikoroge hadi chini kabisa kabla ya kupima, la sivyo leo utapata mafuta na wiki ijayo utachimba kitu kigumu.

Kuitengeneza nyumbani kunawezekana. Chukua vikombe viwili vya ufuta. Ufuta wa sokoni una mchanga, na hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi: humusi inayosaga meno. Kuupepeta tu hakutoshi. Umwage kwenye beseni la maji, uvuruge, na uopoe ufuta unaoelea juu kwa chungio laini. Mchanga hubaki chini. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi, kisha uanike juu ya kitambaa hadi ukauke kabisa. Ukaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, kama dakika tano au sita. Unatafuta harufu nzuri na rangi ya dhahabu hafifu. Ukiwa wa kahawia umeshapita, na uchungu wake hautafunikwa na chochote.

Upoze, uusage kwenye kile kibilauri kidogo cha blenda cha kusagia vitu vikavu. Kwanza utakuwa unga, kisha utaganda pembeni. Zima, kwangua, tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya ufuta au ya alizeti yasiyo na harufu, washa tena. Endelea hivyo, ukiipumzisha mashine isiungue, mpaka iwe na uzito wa uji wa ulezi uliopoa. Vijiko vinne vya mafuta kwa kawaida vinatosha. Anayekaa karibu na mashine ya kusagia karanga sokoni ana njia fupi zaidi. Ampelekee mwenye mashine ufuta uliokaangwa, aombe kwanza mashine isafishwe mabaki ya karanga, na atarudi na tahini laini kuliko ya blenda yoyote ya nyumbani. Kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mahali pa baridi, hukaa wiki kadhaa.

Je, siagi ya karanga inafaa badala yake? Inalika, na watoto wataipenda, lakini ladha ya karanga hufunika kila kitu. Kwa aliyekosa ufuta kabisa, atumie nusu ya kipimo.

Kusaga

Fuata mpango huu, kwa kuwa una maana. Menya punje tatu za kitunguu saumu, zitwange, ziweke kwenye juisi ya ndimu, kama vijiko vinne vya chakula, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Acha dakika kumi. Asidi huzuia ule ukali wa kitunguu saumu usichipuke, ukabaki utamu wake. Chuja ukipenda humusi tulivu. Usichuje ukipenda yenye makali.

Mimina juisi hiyo kwenye blenda na robo tatu ya kikombe ya tahini. Saga. Itakakamaa ghafla na kuonekana imeharibika. Haijaharibika. Maji kidogo ndani ya tahini hugandisha chembe zake, na maji zaidi huzifungua. Ongeza maji ya baridi sana, yenye barafu kama ipo, kijiko kimoja kimoja huku mashine ikizunguka. Baada ya vijiko vitano au sita utaona rangi inabadilika, kutoka kahawia hafifu kwenda weupe, na mchanganyiko unakuwa laini na mwepesi. Weupe huo ndio msingi wa humusi nzuri.

Sasa tia dengu zikiwa bado vuguvugu, kidogo kidogo, kwani blenda za nyumbani zina jagi jembamba na hukwama zikijazwa. Ikikwama, tia kijiko cha yale maji ya kupikia, si mafuta. Saga dakika nne au tano kamili, hata kama imeonekana laini baada ya moja. Onja. Mara nyingi inakosa chumvi, kisha ndimu. Robo kijiko cha chai cha bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira au uzile, inafaa lakini si lazima. Iache nyepesi kuliko unavyotaka kuila, kwa kuwa ikipoa itakuwa nzito. Ifunike nusu saa kabla ya kuandaa ili ladha zishikane.

Umeme ukikatika, kinu na mchi vinatosha, na ndivyo ilivyokuwa kabla ya mashine. Anza na kitunguu saumu na chumvi, kisha dengu za moto, kisha tahini na ndimu. Haitakuwa laini kama ya blenda, na haina haja ya kuwa.

Mlo wa mchana

Watu wa Sham huila humusi kama mlo, si kama kachumbari ya pembeni. Huko Damascus na Yerusalemu kuna vibanda vinavyoipika asubuhi, vikaiuza ikiwa na joto, na vikafunga sufuria inapokwisha. Itandaze kwenye sahani pana kwa mgongo wa kijiko, uache shimo katikati, weka zile punje nzima, mafuta ya zeituni, pilipili nyekundu ya unga na giligilani iliyokatwa. Pembeni weka kitunguu kibichi na tango. Kwa mkate, mimi nitauchagua mkate wa ajemi wa Zanzibar kabla ya mwingine wowote: mwembamba, una ladha ya moto, unakunjika bila kukatika, na hauna mafuta ya kugombana na tahini. Boflo ya asubuhi ni ya pili. Chapati za kusukuma ni tamu ila zina mafuta mengi, kwa hiyo zikaange na mafuta kidogo siku ya humusi. Sahani moja ya mapishi haya inashibisha watu wanne kwa mkate.

Ukitaka kuwa na nyama bila kununua nyama nyingi, jaribu humusi ya nyama ya kusaga, ambayo Lebanon na Syria ni chakula cha wageni. Robo kilo ya nyama inatosha watu wanne, wakati kwenye mchuzi isingewatosha wawili. Kaanga kitunguu maji kimoja hadi kiwe na rangi, tia nyama, ivunjevunje kwa mwiko, tia chumvi, pilipili manga, na mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai. Maji yote yakauke na nyama ianze kukaangika kwa mafuta yake. Imwage ya moto juu ya humusi, nyunyiza korosho zilizokaangwa, leta mezani papo hapo. Mdalasini usiuache. Ndio unaoitofautisha na nyama ya sambusa.

Siku usiyotaka kusaga, tengeneza kile wanachokiita musabbaha. Dengu zilizoiva sana ziache nzima na za moto, zichanganye na tahini iliyolainishwa kwa ndimu, kitunguu saumu na maji yake ya kupikia, ziponde kidogo kwa kijiko, ule na mkate. Ni dakika tano tangu sufuria itoke motoni, na kwangu mimi ladha yake haishindwi na humusi yenyewe.

Mkate uliokauka una mahali pake pia. Fatta ya dengu, ambayo Damascus inajivunia, ni vipande vya mkate vilivyokaushwa kwenye oveni au kikaangoni, vikalowanishwa kwa maji moto ya dengu, juu yake dengu nzima, kisha mtindi uliochanganywa na tahini na kitunguu saumu, na mwisho samli iliyochemka na korosho. Ile mara moja, mkate ukiwa bado unatafunika.

Kwa siku za haraka, humusi hukaa vizuri na viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, bilinganya iliyochomwa juu ya mkaa, au yai la kuchemsha. Kachumbari nayo inafaa, lakini kamua nyanya zake kwanza, la sivyo maji yake yatajaa sahani. Kwa mtoto wa shule au mtu anayekwenda kazini, pakaza humusi nzito kwenye chapati, panga karoti iliyokwanguliwa na majani ya saladi, kunja, kata vipande viwili.

Kuhusu humusi za bitiruti, parachichi na za rangi nyingine zinazoonekana siku hizi, sina ugomvi na anayezipenda. Lakini zipike baada ya kuijua ya kawaida. Na mbaazi, tafadhali, ziachie nazi yake. Hakuna humusi itakayozifanya ziwe bora zaidi ya hapo.

Kuna sababu nyingine ya kuuweka mlo huu katika ratiba ya nyumba. Gramu 100 za dengu kavu zina protini zinazokaribia gramu 20. Protini ya kunde ina upungufu wa methionini, ufuta unayo kwa wingi, na hivyo dengu na tahini hujazana. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo. Tahini ina mafuta mengi, kwa hiyo anayepunguza uzito aile kwa kiasi. Na kwa kuwa ufuta huwaletea watu wengine mzio mkali, mwulize mgeni kabla ya kumpakulia, na mtoto mdogo umwonjeshe kidogo kwanza.

Kuhifadhi

Ukipika dengu, pika kilo nzima. Zilizoiva zikae kwenye friza katika mifuko midogo pamoja na maji yake kidogo, na siku yoyote zitakuwa humusi kwa muda wa kuchemsha chai. Humusi yenyewe iweke kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, mimina mafuta ya zeituni juu, na utumie kijiko kisafi kila unapochota. Kwenye friji hukaa siku tatu hadi nne, na kitunguu saumu huwa kikali zaidi kuanzia siku ya pili, kwa hiyo punguza punje moja ukijua utaihifadhi. Kusiko na friji, tengeneza ya kuliwa mlo huohuo, na isikae nje zaidi ya saa mbili, maana kunde zilizopikwa huharibika upesi kwenye joto letu. Ikinuka uchachu usio wa ndimu au ikitoa vipovu, itupe na uloweke nyingine.